Ukichomwa baharini, weka wembe kando

Na Daktari Wetu, Matuu

JUMATATU moja ya mwezi wa Januari, kijana wa miaka 19 aliletwa katika kliniki yangu hapa Matuu, mamake akimshika mkono huu na mjomba wake mkono ule. Alikuwa ameteremka basi la kutoka Mombasa alfajiri hiyo. Siku tatu kabla, akitembea katika maji ya magotini, alikanyaga kitu kilichojificha mchangani akahisi kama aliyekatwa kwa panga kisiginoni. Kilichomchoma kilikuwa taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu kama mjeledi.

Msomaji mpendwa, jeraha la taa halikunishtua. Kilichonishtua ni yale aliyofanyiwa baadaye. Wenzake, wote wazaliwa wa huku kwetu Ukambani, walifanya waliyozoea kuona tangu utotoni mtu anapoumwa na nyoka. Walimfunga mpira wa tyubu chini ya goti. Wakachanja kidonda kwa wembe. Mmoja akafyonza damu na kutema. Mwishowe wakabandika jiwe jeusi, wakampa dawa ya maumivu ya dukani na kumwambia alale. Mpira ulikaa mguuni saa nyingi kabla ya mtu kuufungua.

Nilipotoa kitambaa, chumba kizima kilinuka. Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye muundi, ngozi ya kisigino imegeuka rangi, na homa ilikuwa kali. Picha ya eksirei ilionyesha kipande cha mwiba kikiwa bado ndani ya nyama. Siku hiyo hiyo alipelekwa kwa daktari wa upasuaji. Kwa majuma kadhaa hatukujua kama angebaki na mguu wake.

Mamake aliniuliza swali moja: "Daktari, walikosea wapi? Hata marehemu baba yangu alikuwa akitibu hivyo." Makala hii ni jibu langu kwa mama huyo, na kwako wewe unayepanga safari ya pwani.

Bahari na Matuu wapi na wapi?

Huenda unajiuliza daktari wa Matuu, mahali palipozungukwa na mashamba ya Yatta na vumbi la barabara ya Thika kwenda Garissa, anajua nini kuhusu bahari. Jibu ni kwamba bahari haiko mbali tena. Tangu gari la moshi la Madaraka Express lianze safari zake kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, watu wengi wa bara huenda pwani hata kwa siku mbili. Ifikapo Desemba, mabasi ya shule, ya kwaya na ya vyama vya akina mama huteremsha abiria katika fuo za Bamburi, Nyali na Diani, na wengi wao hawajawahi kutia mguu katika maji ya chumvi.

Mwenyeji wa pwani hulijua hatari analokanyaga. Mgeni halijui, na akiumia hutumia maarifa ya kwao. Hapo ndipo balaa huanzia.

Kwa sababu hiyo, baada ya kisa cha kijana yule, niliwaita walimu, madereva na viongozi wa kwaya waliokuwa wakijiandaa kwa safari. Tulikutana Jumamosi moja katika ukumbi wa kanisa, tukiwa na beseni, thamosi za maji ya moto na bendeji. Tulijifunza kwa saa tatu. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza.

Hatua nne za kwanza

Kabla ya kuuliza ni mnyama gani, fanya mambo haya kwa kila majeruhi wa baharini:

1. Mtoe majini. Watu wengine hufa maji kwa sababu ya maumivu au kuzirai, wala si kwa sumu. Lakini angalia usalama wako kwanza. Usiruke mahali ambapo mwenzako amechomwa bila kujua kilichomchoma.

2. Tazama kama anapumua na kama anajibu ukimwita. Kama hapumui, mambo mengine yote yasubiri. Anza kumkandamiza kifua kama nitakavyoeleza.

3. Zuia damu. Bandika kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa kiganja.

4. Mlaze na umtulize, kisha mtume mtu atafute gari na usaidizi. Uliza waliokuwa karibu walichokiona. Wavuvi na vijana wa ufuoni wanaweza kukutajia mnyama kwa jina hata kabla hujamaliza kueleza.

Baada ya hapo, jiulize: huyu amechomwa na MWIBA, amebabuliwa na YAVUYAVU, au ameumwa na kitu chenye sumu ya KUPOOZESHA? Kila kundi lina tiba yake.

Kundi la kwanza: Miiba

Hapa tunamkuta taa, ambaye mwiba wake una meno kama msumeno. Yuko pia samaki-jiwe, anayelala kwenye miamba akifanana kabisa na jiwe lililoota ukungu, mwenye miiba 13 mgongoni. Maumivu yake humfanya mtu mzima alie kama mtoto. Yuko samaki mwenye mistari na mapezi yaliyotanda kama manyoya, ambaye Waingereza humwita samaki simba. Wako ngogo na tafi, wanaowachoma wavuvi wanapowatoa nyavuni. Na yuko yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi kama nungunungu, anayejaa kwenye miamba maji yanapokupwa.

Dawa ya kwanza ya kundi hili ni maji ya moto.

Nikiri kosa langu. Nilipokuwa daktari kijana katika mafunzo ya kazi huko pwani, mzee mmoja mvuvi alimleta mwanawe aliyechomwa na taa. Mimi, kwa elimu yangu yote, niliagiza barafu, maana mguu ulikuwa umevimba. Mtoto akazidi kupiga mayowe. Mzee akaniangalia kwa upole, akasema, "Mwanangu, barafu ni ya samaki aliyekufa. Nipe maji ya moto." Nilimjibu, "Haya mzee," nusu kwa aibu. Tulitia mguu ndani ya beseni, na kabla ya nusu saa kupita mtoto alikuwa amenyamaza. Nilirudi kwenye vitabu vyangu nikakuta mzee ana haki.

Sababu ni hii. Sumu ya samaki hawa imeundwa kwa protini. Unajua jinsi ute wa yai unavyobadilika ukiupasha moto, na haurudi tena kuwa maji. Protini za sumu hii ni dhaifu zaidi ya ute wa yai, hivyo joto ambalo ngozi ya mtu inaweza kulivumilia linatosha kuzipunguza nguvu. Aidha joto lenyewe hutuliza mishipa inayobeba maumivu.

Fanya hivi:

* Osha jeraha kwa maji safi, au ya bahari kama hakuna mengine, ili kuondoa mchanga na vipande vya miiba.

* Tia mguu au mkono katika maji yenye joto la nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, tumbukiza kiwiko chako wewe mwokoaji. Maji yawe ya moto kiasi cha kuvumilika, yasiwe ya kuchoma. Usimtegemee majeruhi kupima kwa mguu uliochomwa, kwa kuwa maumivu yatamdanganya na ataungua bila kujua. Kuwa mwangalifu zaidi kwa watoto na kwa wagonjwa wa kisukari.

* Endelea kwa dakika 30 hadi 90. Maji yakipoa, toa mguu kwanza, ongeza ya moto, pima tena, ndipo uurudishe.

* Miiba midogo inayoonekana itoe kwa kibano. Iliyozama usiichimbe kwa sindano wala wembe. Ile myeusi ya miambani huvunjika kama chaki, na kila unapochokora unaisukuma ndani zaidi.

* Mwiba mkubwa uliozama kifuani, tumboni, shingoni au kwenye paja USIUNG'OE. Huenda ndio unaoziba mshipa uliotoboka. Uzungushie vitambaa usitikisike, umkimbize hospitali. Mtangazaji wa vipindi vya wanyama kutoka Australia, Steve Irwin, alikufa tarehe 4 Septemba 2006 baada ya kuchomwa na taa kifuani.

Mwalimu mmoja aliniuliza kuhusu utomvu wa papai ambao baadhi ya watu wa pwani hupaka penye miiba. Nilimwambia kwamba sitamgombeza anayeupaka kwenye mwiba mdogo wa juu juu, lakini usichukue nafasi ya maji ya moto wala ya daktari. Mafuta ya taa nayo yaache kwenye koroboi.

Kundi la pili: Yavuyavu

Huyu ni kiumbe laini kama uji ulioganda, anayeelea na nyuzi ndefu. Katika nyuzi hizo mna vifuko vingi mno visivyoonekana kwa macho, na kila kifuko kina kijisindano kilichokunjwa. Ukigusa, vinafyatuka. Jambo la kukumbuka ni kwamba vifuko ambavyo havijafyatuka hubaki kwenye ngozi yako, na unaweza kuvifyatua mwenyewe kwa matibabu mabaya.

Kwa hiyo usisugue kwa mchanga wala taulo. Usimwagie maji baridi ya mfereji au ya chupa, maana maji yasiyo na chumvi yanaweza kuvifyatua. Usimkojolee mtu. Ukumbi ulicheka niliposema hivyo, lakini dereva mmoja alikiri kwamba aliwahi kufanyiwa, na hakupata nafuu.

Suuza kwa maji ya bahari. Ondoa nyuzi zilizobaki kwa kibano au kwa mkono uliovaa glavu. Kisha tumbukiza sehemu hiyo katika maji ya moto, kwa joto lile lile nililotaja, kwa dakika 20 au zaidi hadi maumivu yapungue.

Vipi kuhusu siki? Kwa yavuyavu mwenye mwili wa pembe nne kama sanduku, mimina siki kwa muda wa sekunde 30 kabla ya kuondoa nyuzi, kwani huzuia vifuko kufyatuka. Kwa yule mwenye kibofu cha buluu kinachoelea juu ya maji, wataalamu hawajaafikiana, kwa hiyo tumia maji ya bahari na joto. Yeye usimguse hata ukimkuta amekauka ufuoni, maana nyuzi zake bado zinachoma.

Kiumbe huyo wa kibofu ana nafasi katika historia ya udaktari. Mwaka 1901 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walianza kuchunguza sumu yake wakiwa katika jahazi la mwana mfalme wa Monaco. Uchunguzi wao uliwafikisha kwenye ugunduzi wa mzio mkali, ule ambao kinga ya mwili huitikia kupita kiasi, na Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Hivyo basi, mtu akibabuliwa kisha akavimba midomo, akapiga miluzi kifuani au akaota mabaka mwili mzima, usingoje maji yachemke. Huo ni mzio, na anahitaji sindano ya adrenalini haraka.

Kundi la tatu: Sumu ya kupoozesha

Wako wawili wa kuwaogopa. Wa kwanza ni konokono wa bahari mwenye gamba zuri la umbo la pia ya watoto, lenye madoa na michoro. Wageni humwokota wakidhani ni pambo. Ndani yake mna mshale wenye sumu, na hakuna dawa mahususi ya kuipinga. Ajabu ni kwamba kutokana na sumu ya konokono wa jamii hiyo ilipatikana dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Kiumbe kinachoua ndicho kinachoponya.

Wa pili ni nyoka wa bahari mwenye tumbo la manjano. Mara chache huuma, lakini anapouma mtu huenda asisikie maumivu yoyote. Baada ya saa kadhaa kope hulegea, misuli inauma, na mkojo unaweza kuwa mweusi.

Kwa kundi hili hatari ni kuacha kupumua. Tumia bendeji ya kukaza, njia iliyofundishwa na Struan Sutherland wa Australia tangu mwaka 1979. Chukua bendeji pana inayovutika. Anza juu ya jeraha, kisha zungusha mkono au mguu wote kutoka vidoleni kwenda juu. Kaza kama unavyofunga kifundo kilichoteguka, si kama unavyofunga gunia. Funga kijiti ubavuni ili kiungo kisisogee. Majeruhi asitembee hata hatua moja. Usifungue mpaka hospitali.

Akiacha kupumua, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefunzwa, mpe pumzi mbili kila baada ya mikandamizo 30. Usikate tamaa. Sumu hii humpooza mtu ilhali moyo na akili bado vinafanya kazi, na akipumuliwa hadi sumu iishe, anaweza kupona kabisa.

Nyoka wa Yatta na samaki wa Nyali

Sasa nirudi kwa swali la mama yule. Walikosea wapi?

Kwanza, kufunga mpira, kuchanja, kufyonza na jiwe jeusi si tiba hata kwa nyoka wa hapa nyumbani. Mpira hukata damu na nyama huoza. Wembe huongeza kidonda na kuingiza uchafu. Kinywa hakitoi sumu bali huleta vijidudu. Jiwe hupoteza muda.

Pili, kila sumu ina tabia yake. Ya koboko hupoozesha, hivyo bendeji ya kukaza inaweza kununua muda. Ya bafe huozesha nyama, hivyo ukiikaza mahali pamoja unazidisha uharibifu. Aliyeumwa na bafe mlaze, tuliza kiungo bila kukifunga, mkimbize hospitali. Na ya taa vilevile husumbua mahali pale pale, kwa hiyo usiifunge bendeji ya kukaza. Yenyewe hutaka joto. Lakini usichukue maji ya moto ukampa aliyeumwa na nyoka.

Tatu, walichelewa. Mwiba uliobaki, mchanga na vijidudu vya maji ya chumvi huleta usaha haraka, na pepopunda haisamehi.

Mpeleke hospitali bila kukawia kama:

* jeraha ni la taa, samaki-jiwe, konokono au nyoka;
* mwiba umebaki ndani, hasa karibu na kiungo;
* maumivu hayapungui baada ya maji ya moto;
* anapumua kwa shida, anatapika mfululizo, au kope zinalegea;
* aliyeumia ni mtoto mdogo, mama mjamzito, au mgonjwa wa kisukari au ini;
* hakumbuki mara ya mwisho kuchanjwa dhidi ya pepopunda;
* siku zinazofuata anapata homa, wekundu au usaha.

Sanduku la safari

Kila basi liwe na thamosi mbili kubwa za maji ya moto, beseni, chupa ya siki, kibano, glavu, shashi, bendeji pana tatu za kuvutika, mkasi na dawa ya maumivu. Weka pia karatasi yenye namba ya simu ya hospitali iliyo karibu na ufuo mnaokwenda. Simu za dharura za 999 na 112 zijulikane na kila mtoto. Anayetaka kujifunza zaidi anaweza kuwaendea Msalaba Mwekundu wa Kenya au St John Ambulance, mashirika yanayofundisha huduma ya kwanza. Hawa wa St John wako nchini tangu mwaka 1928.

Na ukifika ufuoni:

1. Buruta nyayo mchangani, usikanyage kwa kuinua. Taa akisikia mtikisiko huondoka.
2. Vaa raba zenye soli nene, hasa maji yanapokupwa na unatembea miambani.
3. Usitie mkono shimoni, wala usiokote gamba lililo na mwenyewe.
4. Muulize mvuvi kabla ya kuingia. Anajua upepo umeleta nini asubuhi hiyo.

Jipime

Funika majibu kwanza.

Mtoto amekanyaga mnyama wa miiba myeusi. Utaanza na nini? (Maji ya moto uliyoyapima kwa kiwiko chako.) Dada amebabuliwa na yavuyavu, rafiki analeta chupa ya maji baridi. Utasemaje? (Hapana, leta maji ya bahari.) Mjomba ameokota konokono mzuri akahisi mchomo, sasa midomo inakufa ganzi. (Bendeji ya kukaza, asitembee, hospitali, na uwe tayari kumpumulia.)

Yule kijana wangu alibaki na mguu wake, ingawa kisigino kina shimo na hachezi tena mpira. Siku ya mafunzo alikuja mwenyewe, akakaa mbele. Nilipouliza ni nani atakayejitolea kushika thamosi, yeye ndiye aliyeinuka wa kwanza. Desemba iliyofuata alikwenda tena Mombasa na wenzake wale wale. Mwalimu wa kwaya aliniambia baadaye kwamba msichana mmoja alichomwa miambani, na kabla mtu hajatafuta wembe, kijana huyo alikuwa ameshafungua beseni.

Msomaji, kata ukurasa huu uutie katika mfuko wa safari. Maji ya moto hayauzwi ghali. Tahadhari kabla ya hatari.